Shati Lililorudi kutoka Mtoni

Masisi, 6 Mei 1956

Mdogo wangu Damascène,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Sisi huku tungali wazima. Mama anakohoa asubuhi tu, mchana anasahau. Dada yetu Victorine amejifungua mapacha kule Kitshanga, wote wasichana, na mume wake anatembea kama mtu aliyepigwa radi. Mbuzi wako mwenye sikio moja aliingia kanisani akala kalenda ya Padri, kurasa tatu, pamoja na Pentekoste. Sasa Padri anamjua kwa jina.

Kapita, msimamizi wa shamba, alituambia kwamba mmefika salama Ulaya na Bwana Delmotte, na kwamba mtateremka mpaka baharini, kwenye nyumba ya mama yake Madame, hadi konji yake, hiyo likizo, iishe mwezi wa kumi. Miezi sita ya kupumzika. Ni haki yake. Kutuangalia tukichuma kahawa yake kunachosha.

Sasa neno lililonifanya ninunue karatasi. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu mto Lowa umchukue mume wangu Michel, na kilio chake bado hakijafungwa, kwa sababu hatukupata mwili. Nzabandora, kaka yake mkubwa, amekaa na ukoo wao. Wameona tuzike shati. Si la Michel, ni lako: lile la kaki ulilolivaa siku ile ulipojitupa mtoni kumfuata. Wanasema maji yaliyomshika Michel ndiyo hayohayo yaliyoingia katika shati hilo, kwa hiyo hakuna kitu kingine duniani kilicho karibu zaidi na mwili wake. Lakini kwao kitu cha namna hiyo hakizikwi mpaka aliyekivaa atoe neno lake, kwa mdomo au kwa barua.

Shati ninalo. Nimelikunja ndani ya kikapu cha mbegu. Nilipolikunja nilimkumbuka Michel, alivyokuwa anaingiza mikono ya shati ndani kwanza, kama vile shati lenyewe linasikia baridi.

Mpaka kilio kifungwe siruhusiwi kutia jembe katika shamba lake, na magugu yamefika kiunoni. Mvua za Septemba hazitanisubiri. Andika neno moja tu: ndiyo au hapana.

Dada yako anayekukumbuka,
Libérata

*

Pwani, kusini mwa Ufaransa, 3 Juni 1956

Dada yangu mpendwa Libérata,

Barua yako imenikuta, nikaisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Msalimie Mama. Mwambie mapacha wa Victorine nimeshawapenda kabla ya kuwaona. Kwa upande wa mbuzi, mwambie Padri nitalipa kalenda nikirudi.

Mimi ni mzima. Nalala katika chumba cha kuwekea makasia. Ngoja nikueleze mambo ya huku, maana bila kueleza nitapasuka.

Bahari ni kubwa, sikatai. Lakini watu wanaoizunguka ndio wa ajabu. Asubuhi wanakuja na mikeka, miavuli na vikapu, kama watu wanaohama kwa sababu ya vita. Unadhani watafanya kazi gani? Wanavua nguo, wanajipaka mafuta kama watoto wachanga, halafu wanajianika. Wanajianika, dada, kama mihogo. Saa nzima upande wa tumbo, saa nzima upande wa mgongo. Niliuliza kwa nini. Wanataka kuwa weusi. Mimi nilipewa bure na sikupewa hata ahsante.

Unakumbuka Madame, siku ile kule shambani, alivyowafukuza wanawake wa kuchuma kahawa kwa sababu walikuja na mabega wazi? Alisema ni ushenzi, akamwita na Padri aje kusema. Basi Madame huyohuyo anashuka hapa amevaa vitambaa viwili, na vyote viwili ukiviunganisha huwezi kumfutia mtoto pua. Mimi naangalia upande wa milima. Katekisimu niliyosoma haina sura ya jambo hili.

Kuna na baiskeli ya majini. Ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, juu yake kiti, na pedali za kukanyaga. Mtu mzima na tumbo lake anakanyaga mpaka jasho linamtoka, anazunguka, anarudi palepale alipoanzia. Halafu anashuka amefurahi.

Unajua kwa nini nilichukuliwa mimi, na si mpishi Kanyamibwa aliyewapikia miaka tisa. Kapita alimsimulia Bwana kwamba mimi ndiye niliyejitupa Lowa kumfuata shemeji yangu. Madame akasema, basi huyu ndiye atakayemlinda Colette baharini. Colette ni mtoto wao wa pekee, ana miaka saba. Kazi yangu ni kusimama kwenye mchanga na kumwangalia anapocheza majini. Akizama, mimi ndiye wa kumtoa.

Jua la huku linachelewa kuzama. Karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Damascène

*

Masisi, 1 Julai 1956

Mdogo wangu,

Tunakusalimu sote. Mama ameacha kukohoa, sasa anauliza maswali. Barua yako nilimsomea mara tatu. Anasema: kama bahari yote ni chumvi, kwa nini Bwana Delmotte anatupunguzia chumvi kwenye posho? Na anasema kama wazungu wanatafuta weusi, waje tuwape jembe, wataiva mpaka ndani ya masikio. Nimeahidi kukufikishia, nimekufikishia.

Viazi vimeshika vizuri mwaka huu. Mapacha wa Victorine wamebatizwa, mmoja Godelieve, mwingine Joséphine-Marie. Baba yao anawaita wote wawili Mama, kwa kuogopa kukosea.

Barua yako ni nzuri, ina kurasa nne. Nimeitafuta ndani yake habari ya shati. Nimegeuza na upande wa nyuma. Nimeona mihogo, nimeona baiskeli, nimeona vitambaa vya Madame. Shati sikuliona.

Wakati wewe unaangalia milima, jina lako huku linakua. Juma lililopita Nzabandora alikwenda Sake kuuza maharagi, akasimulia sokoni namna ulivyozama mara tatu. Mara ya tatu, anasema, ulimshika Michel mguu, lakini kitu kikavuta upande mwingine. Watu waliacha kununua. Mama mmoja wa samaki alilia. Nzabandora hakuwapo mtoni siku ile, alikuwa Masisi anaumwa jino, lakini anaona vizuri kuliko sisi tuliokuwapo. Mimi namenya viazi tu.

Kwa ukweli na mimi sikuona kitu. Nilikuwa pale juu Mpofi, kwenye nyumba ya kanisa, nawapikia. Ninyi wawili mliteremka kivukoni na mizigo ya maharagi, ili mvuke kwenda kwa watu wa Walikale mkanunue mawese. Ukarudi peke yako. Miezi hii yote hujaniambia yaliyopita katikati. Ulisema tu, "Nilijitupa, lakini maji yalikuwa na nguvu." Nilikuacha, kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Sasa sidhani kama bado unatetemeka, na jua lote hilo.

Niambie Michel alisema nini mwisho. Hata kama ni neno la kipumbavu. Alikuwa na maneno mengi ya kipumbavu, na yote nayakumbuka, isipokuwa hilo moja.

Na shati: ndiyo au hapana.

Dada yako,
Libérata

*

Pwani, 22 Julai 1956

Dada Libérata,

Mimi ni mzima, ila goti linaniuma kidogo. Mwambie Mama kwamba swali la chumvi nimeliweka akibani, nitamuuliza Bwana siku akiwa amekunywa.

Nimeona mapya. Kuna wanaovaa mbao mbili miguuni na kushika kamba. Kamba imefungwa kwenye mtumbwi wa mota. Mota inavuta, na mtu anaburutwa juu ya maji amesimama, kama ng'ombe anayekataa kwenda sokoni. Akianguka, wenzake wanapiga makofi. Anapanda tena. Bwana Delmotte alijaribu. Mtu yule ambaye kule shambani anabebwa na watu kwenye kiti cha kipoyi ili asikanyage matope, huku alikunywa bahari nusu, akatoka na kaputula yake mkononi. Hakuna aliyeandikiwa faini.

Kuna wengine wanavaa kioo usoni na bomba mdomoni, wanalala juu ya maji kama wafu wanaopumua. Jirani yetu mmoja alikaa hivyo tangu kahawa ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, ana mkuki wa kufyatua. Alirudi na samaki mmoja. Dada, ndagala ni mkubwa kuliko yule samaki. Walimpiga picha pamoja naye, mke akiwa pembeni, watoto mbele.

Kuhusu shati. Lile shati lilikuwa limechakaa. Kola imetoboka. Si heshima kumzika mtu mwema kama Michel kwa shati lililotoboka. Zikeni kofia yake, ama lile kasha lake la tumbaku. Ama ngojeni nirudi.

Colette hajambo. Anapenda kucheza palepale ufukweni, maji yakifika magotini anarudi. Mtoto mwenye akili.

Kuna jambo moja. Tarehe kumi na tano ya mwezi ujao, sikukuu ya Bikira Maria, mji huu una michezo ya majini. Mmoja wao unaitwa mchezo wa kuokoa. Wanatupa sanamu ya magunia baharini, halafu wanaume wanaruka kutoka kwenye gati la mawe, wa kwanza kuileta pwani ndiye mshindi. Madame ameandika jina langu. Ameshawaambia majirani wote wa miavuli, yule wa samaki naye. Anawasimulia habari ya Lowa kwa Kifaransa, na wao wananiangalia kwa macho ya kununua.

Nilimwambia, "Madame, goti langu."

Akasema, "Goti iko ya kutembea. Mu maji utatembea na nini?"

Naomba mniombee, lakini msimwambie Padri sababu.

Mdogo wako,
Damascène

*

Masisi, 12 Agosti 1956

Mdogo wangu Damascène,

Hatuna barua yako mpya, sijui kama imepotea au imezama. Tuko wazima. Mama anasema nikuulize kama wale wa kukanyaga baiskeli majini wana njaa, maana mtu mwenye shibe hafanyi hivyo. Mbuzi wako amezaa. Mtoto ana masikio yote mawili, tumeshangaa.

Nzabandora amechoka kungoja. Ameweka siku: tarehe nane Septemba. Anasema kama neno lako halijafika mpaka hapo, kunyamaza kwako ni kukubali. Ameshaazima koti jeusi kwa karani.

Simulizi nayo haikulala. Sasa kuna mamba. Watu wa Mpofi wameniambia pale kivukoni hawajawahi kuona mamba tangu babu zao, lakini Nzabandora amemweka, na ana alama nyeupe kichwani. Wewe ulimpiga ngumi ya jicho. Wiki ijayo nafikiri utamwoa.

Watoto wa shule wanaimba jina lako wakicheka-cheka njiani. Nikipita wanasema, "Ule njo dada yake." Nasimama, nawasikiliza mpaka mwisho. Wimbo si mbaya.

Juzi nilipita kando ya shamba la Michel. Ule mstari wa migomba alioupanda kwa kupinda, unaukumbuka? Nilimwambia umepinda, akasema macho yangu ndiyo yaliyopinda. Magugu yameufunika, hauonekani tena kama umepinda au umenyooka. Hilo ndilo lililoniuma.

Sikuombi tena ndiyo wala hapana. Nakuambia tu tarehe.

Libérata

*

Pwani, 20 Agosti 1956

Dada yangu Libérata,

Leo sina salamu nyingi. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Barua yako nyingine bado haijafika, kama umeandika, lakini ile ya mwezi wa saba ninayo mfukoni na imechanika kwenye mikunjo.

Sikukuu ilikuwa hivi. Asubuhi misa, halafu Bikira Maria akapitishwa baharini juu ya mtumbwi wenye maua, na mpaka hapo hata mimi nilisali. Mchana wakaanza wao. Mbio za kuogelea. Mpira wa majini, watu kumi na wanne wanazamishana kwa ajili ya mpira mmoja, na mtu angeweza kuwanunulia mwingine. Mzee mmoja alishuka baharini ndani ya pipa. Bendi ikipiga muda wote.

Mwisho mchezo wa kuokoa. Tulikuwa saba juu ya gati. Mtumbwi ukaenda mbali wakaitupa ile sanamu. Walikuwa wameivalisha suruali na shati ili ifanane na mtu. Shati lilikuwa la kaki. Ikaelea uso chini, mikono imetanuka, shati limejaa upepo mgongoni.

Filimbi ikalia. Sita wakaruka.

Mimi nikabaki. Bendi ikaendelea, halafu mmoja baada ya mwingine wakaacha kupuliza, ngoma ndiyo iliyochelewa kuelewa. Madame alisimama chini ya mwavuli wake. "Damascène, ruka! Iko nini?"

Nikamwambia, "Madame, miye sijui kuogelea."

"Namna gani haujui? Kapita alisema—"

"Kapita alisikia uongo. Na uongo njo wangu."

Majirani waliuliza nimesema nini. Madame hakutaka kutafsiri, Colette akawatafsiria. Walicheka mpaka yule wa samaki akashika mbavu. Madame alilia kwa aibu, si kwa sababu mwanawe alilindwa miezi miwili na mtu asiyeweza kumtoa hata kwenye beseni, bali kwa sababu walicheka. Bwana hakucheka. Alimwangalia mtoto, akaangalia maji, akaniangalia mimi. Ningependelea kuchapwa kiboko.

Jioni Colette alikuja kwenye chumba cha makasia. Akasema kwa Kiswahili chetu, maana amekulia Masisi: "Miye nilikuwa najua. Njo maana sikupita magoti. Kama ningezama, ungelia tu."

Ungelia tu. Mtoto wa miaka saba, dada. Sasa nakuambia ya Lowa.

Mwenye mtumbwi alikuwa amekwenda kwake kula. Michel alichoka kungoja. Alisema atavusha mtumbwi mwenyewe, kazi gani hiyo, watoto wa Walikale wanaifanya kabla ya kuota meno. Nilikataa kupanda. Akanicheka. Akasema, "Wewe bakia na maharagi, mukae kama bibi na bwana." Akapakia mzigo mmoja, akaondoka. Alipofika katikati alinigeukia ili nione anavyopiga kasia kwa mkono mmoja. Alikuwa anacheka. Mtumbwi ukapinduka.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, hayo ya maharagi. Uliomba hata ya kipumbavu.

Alitokea mara mbili. Mara ya pili aliita jina langu. Niliingia mpaka magotini, maji yakanivuta mguu, nikarudi. Nikashika tawi. Nililishika mpaka hakukuwa tena na kitu cha kuangalia.

Halafu nikafikiria wewe, na Mama, na kwamba nitapanda kule Mpofi nikiwa mkavu. Nikachukua kopo la kupimia maharagi. Nikachota maji, nikajimwagia kifuani na mgongoni, makopo saba ama manane. Ndiyo maji yaliyo katika lile shati. Michel hayumo. Nimo mimi na kopo.

Kwa hiyo ni hapana. Msilizike. Kama mmeshalizika, fukueni.

Bwana ameamua nijifunze kuogelea, na mwalimu wangu ni Colette, ili aibu iwe kamili. Kila asubuhi kabla watu wa mikeka hawajafika ananishika kidevu na kuniamuru nipige miguu. Mbwa wa watu wanasimama kutuangalia. Jana nilikwenda hatua tisa bila kugusa chini. Chumvi yao ni mbaya, inaingia mpaka kwenye mawazo.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Damascène

*

Masisi, 23 Septemba 1956

Mdogo wangu Damascène,

Nakusalimu, na Mama anakusalimu. Hajui ninachokuandikia. Mapacha wa Victorine wameota meno siku moja, baba yao amehamia kulala kwa jirani. Mvua imeanza.

Barua yako ya sikukuu ilifika tarehe kumi na nne. Siku yenyewe ilikuwa tarehe nane, kwa hiyo nikueleze yaliyotokea bila wewe.

Walikuja wote. Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba, dogo, kama la kuwekea ndizi ziive. Nzabandora alivaa lile koti la karani, mikono inamfika viwikoni. Akasimulia tena, mamba na ngumi na yote. Alipomaliza akasema, "Sasa, Mama Libérata, leta shati."

Nikasema, "Mwenye shati hajatoa neno. Halizikwi."

"Tulisema kunyamaza iko kukubali."

"Damascène hajanyamaza," nikasema. "Ameandika barua mbili, kurasa nane. Ila neno halimo."

Walibishana mpaka maharagi yakapoa. Walikula, wakaenda. Shimo likabaki, na mbuzi wako mwenye sikio moja akatumbukia humo kesho yake, tukamtoa kwa kamba. Nzabandora hasemi na mimi. Shamba la Michel halitapandwa msimu huu. Hilo nimelilipa mimi, nataka ulijue.

Sasa nikuambie kwa nini sikulitoa shati, wakati barua yako ilikuwa bado angani.

Siku ile Mpofi, ulipokuja mbio kutoka kivukoni, shati linakuganda mwilini, watu walipiga kelele, mwanamke mmoja akaangusha sufuria na moto wangu ukazimika. Nilikaa chini. Nilikuwa sisikii mikono yangu. Ukasema, "Dada, washa moto." Ukavua kofia, ukatoa kiberiti ndani yake, ukanipa. Njiti ya kwanza iliwaka.

Siku ya namna hiyo hakuna anayeangalia kofia. Na mimi sikuiangalia. Ni wiki tatu baadaye, nawasha moto kwa kiberiti kilekile, ndipo mkono wangu ulisimama. Mtu anayejitupa mtoni kumfuata shemeji yake hatoi kwanza kiberiti mfukoni akakiweka mahali pakavu.

Nimejua tangu wakati huo. Sikumwambia mtu. Nilipoandika habari ya mamba na ya wimbo wa watoto, nilikuwa nakuchoma. Nilitaka utoke mwenyewe. Nilidhani itachukua barua moja. Ungekuwa na haya kidogo, ningekuwa nimepanda maharagi.

Kwamba uliogopa, sikulaumu. Sisi ni watu wa milimani, maji yetu ni ya mtungi. Kama ungemfuata, ningekuwa na wawili. Lakini ulikaa mwaka mzima ukila sifa za kumfuata Michel katika nyumba yangu, na mimi nakupakulia.

Nimesoma mara nyingi pale ulipoandika kwamba alikuwa anacheka. Miezi yote hii nilikuwa namwona ameogopa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa namwona na lile kasia, mkono mmoja, mjinga yule. Na bibi na bwana wa maharagi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mama akauliza kuna nini. Kwa hilo nakushukuru.

Sikiliza sasa tutakavyofanya. Konji inaisha mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja utakuwa hapa. Mpaka hapo mtii huyo mtoto. Hatua tisa ni chache, Lowa pale kivukoni ina zaidi ya arobaini. Mwezi wa kwanza maji yakipungua tutateremka Mpofi wote, na Nzabandora, na koti lake. Utavaa shati. Utasimama ukingoni na kuwasimulia kama ulivyoniandikia mimi, usiache kopo. Watakutukana, utangoja wamalize. Halafu utaingia mpaka pale mtumbwi ulipopindukia, na utarudi. Nitakufunga kamba kiunoni, na wenye mitumbwi watashika ncha, maana sitaki kuzika mashati mawili. Ukitoka utalivua likiwa bado linachuruzika, na hilo ndilo tutakalozika. Kesho yake nalima.

Kofia ingia nayo. Kiberiti nitakishika mimi.

Dada yako,
Libérata